Jina la ‘Speke’: Safari ya karibu miaka 800 kutoka Normandy hadi uwanda wa Mkata

Na Mwandishi Wetu

JINA la Speke si geni kwa Mtanzania aliyepita darasani. Limo katika vitabu vya historia, na limo katika ramani ya nchi, kwani sehemu ya Ziwa Victoria iliyo jirani na Mwanza huitwa Ghuba ya Speke mpaka leo. Wanafunzi hufundishwa kwamba Mwingereza huyo, John Hanning Speke, alikuwa Mzungu wa kwanza kuliona ziwa hilo, Agosti 3, 1858.

Lisilofundishwa sana ni kwamba jina hilo, kabla ya kufika Mwanza, lilipita katika Mkoa wa Morogoro. Lilivuka uwanda wa Mkata, ambao sehemu yake leo imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, likafuata bonde la Mto Mkondoa unaopita Kilosa, kisha likapanda milima ya Usagara kuelekea Ugogo.

Tena jina lenyewe, ingawa linahesabiwa kuwa la Kiingereza, halikuzaliwa katika lugha ya Kiingereza. Lilivuka bahari kutoka Normandy, kaskazini mwa Ufaransa, pamoja na jeshi lililoiteka Uingereza mwaka 1066. Kwa maneno mengine, jina lililotangulia njia ya wakoloni katika Usagara lilikuwa limekwisha kuwa jina la wakoloni mara moja kabla ya hapo, katika nchi ya Waingereza wenyewe.

Makala haya yanaeleza asili ya jina hilo na ya majina mengine yaliyopita Kilosa na Mikumi katika karne ya 19. Yanaeleza pia kwa nini historia hiyo inamhusu mwananchi wa leo anayejaza fomu na kuulizwa jina lake la ukoo.

Tuanze na Uingereza ya kabla ya mwaka 1066. Wakati huo Mwingereza wa kawaida alikuwa na jina moja tu. Aliitwa Godwin, Leofric au Wulfstan, na palipokuwa na watu wawili wenye jina moja katika kijiji, waliongezewa maelezo ya kuwatofautisha: huyu mwana wa fulani, yule mwenye nywele nyekundu. Maelezo hayo yalikufa pamoja na mwenyewe. Mtoto hakuyarithi.

Oktoba 14, 1066, William, mtawala wa Normandy, alimshinda Mfalme Harold wa Uingereza katika vita vya Hastings. Wanormani hao walikuwa wazao wa mabaharia kutoka nchi za kaskazini mwa Ulaya, na maana ya jina lao ni hiyo hiyo, watu wa kaskazini. Babu zao walipewa ardhi na mfalme wa Ufaransa mwaka 911, wakalowea huko, wakaoa huko na kuiacha lugha yao. Walipoingia Uingereza walikuwa wakizungumza Kifaransa.

William aliwanyang'anya wenyeji mashamba yao na kuyagawa kwa makamanda wake. Mwishoni mwa mwaka 1085 aliamuru ifanyike hesabu ya nchi nzima: nani anamiliki nini, shamba lina thamani gani, lina majembe na mifugo mingapi. Matokeo yake ni kitabu cha mwaka 1086 ambacho wananchi walikiita Domesday, yaani Siku ya Hukumu, kwa kuwa kilichoandikwa humo hakikuwa na rufaa.

Hapo ndipo jina lilipoanza kuwa mali. Mtu aliyepewa shamba alitaka mwanawe alirithi. Ili mwana alirithi, ilimpasa ajulikane kuwa ni wa nyumba ile ile iliyoandikwa kitabuni. Maelezo yaliyokuwa yakifa pamoja na mtu sasa yakaanza kurithishwa kutoka kwa baba kwenda kwa mwana, pamoja na shamba.

Majina hayo ya Wanormani yalikuwa ya namna kadhaa. Baadhi yalitokana na kijiji ambacho mtu alitoka, na mbele yake lilitiwa neno la Kifaransa ‘de’, lenye maana ya ‘wa’ au ‘kutoka’. Ukoo wa Bruce, uliokuja kutoa wafalme wa Scotland, ulitoka kijiji cha Brix huko Normandy. Majina kama Percy na Neville yana asili ya namna hiyo.

Mengine yalitokana na jina la baba. Kwa hayo walitumia neno ‘fitz’, ambalo kazi yake ni ile ile ya neno ‘bin’ tulilozoea katika majina ya pwani. Fitzgerald ni bin Gerald, na Fitzwilliam ni bin William.

Kundi la tatu ni la majina ya utani, yaliyotanguliwa na neno ‘le’. Mtu mfupi, mtu mwenye hasira, mtu anayefanana na mnyama fulani, alibandikwa jina na majirani, nalo likamganda. Ni katika kundi hili ndipo linapoingia jina la Speke.

Umbo lake la zamani ni Espec, au L'Espec. Kamusi za majina ya ukoo za Uingereza zinalihusisha na neno la Kifaransa cha kale lililotaja ndege anayegonga miti kwa mdomo wake, ambaye sisi tunamwita kigogota. Mpaka leo Wafaransa wanamwita mmoja wa ndege hao ‘épeiche’, na sauti ya jina la kale bado inasikika humo. Basi Bwana Speke, kwa maana ya jina lake, ni Bwana Kigogota.

Katika kitabu cha mwaka 1086 yumo William Espec, mwenye mashamba katika jimbo la Bedfordshire. Karne iliyofuata alitokea Walter Espec, bwana wa Helmsley, kaskazini mwa Uingereza. Walter alianzisha monasteri maarufu ya Rievaulx mwaka 1132, na mwaka 1138 alikuwa miongoni mwa viongozi wa jeshi la Uingereza lililowashinda Waskoti.

Walter alifariki dunia katika miaka ya 1150 bila kuacha mtoto wa kiume wa kumrithi. Mashamba yake yaligawanywa kwa dada zake watatu na kuingia katika nyumba za waume zao. Helmsley ikawa mali ya ukoo wa Ros. Ardhi ilibaki, lakini jina halikwenda nayo, kwa kuwa kwa desturi ile jina lilipita kwa mwanamume tu. Msomaji na alikumbuke jambo hilo, kwani tutalirudia tutakapofika kwa wenyeji wa Kilosa.

Jina la Espec lilibaki hai upande mwingine wa nchi, katika jimbo la Devon, kusini magharibi. Huko kiko kijiji kilichoitwa Brampford ambacho, baada ya ukoo huo kukimiliki, kiliongezewa jina lao na kuitwa Brampford Speke. Kinaitwa hivyo hadi leo. Kwa kupita karne, Waingereza waliokuwa wakilitamka jina hilo kwa ulimi wao waliidondosha herufi ya mwanzo, na Espec ikawa Speke.

Kutoka Devon ukoo huo ulitanda hadi jimbo jirani la Somerset na kuwa miongoni mwa familia za wenye mashamba. Haukupita katika raha tupu. Mwaka 1685, baada ya uasi wa Mtemi Monmouth dhidi ya Mfalme James wa Pili kushindwa, kijana wa ukoo huo aitwaye Charles Speke alinyongwa katika mji wa Ilminster.

Huo ndio ukoo aliozaliwa John Hanning Speke, Mei 4, 1827, huko Devon. Alijiunga na jeshi la Waingereza nchini India, akawa mpenzi wa kuwinda, na Juni 1857 aliondoka pwani karibu na Bagamoyo pamoja na Richard Francis Burton kutafuta maziwa makuu.

Yafaa kutoa tahadhari hapa. Si kila mwenye jina linaloandikwa hivyo ana asili hiyo. Katika mji wa Liverpool kiko kitongoji kiitwacho Speke, lakini jina lake linatokana na neno la Kiingereza cha kale lenye maana ya vichaka. Mtu ambaye babu zake waliitwa kwa kitongoji hicho hana uhusiano na kigogota wa Normandy. Majina mawili yanaweza kufanana kama mapacha ilhali hayana mama mmoja.

Wenzake Speke waliopita njia hiyo nao walikuwa na majina yenye hadithi. Burton lilikuwa jina la Kiingereza halisi, la kabla ya Wanormani. Linatokana na maneno mawili ya kale yenye maana ya makazi yenye boma. Hata hivyo jina lake la kwanza, Richard, lilienea Uingereza kwa mikono ya Wanormani. Katika mtu mmoja, mshindi na mshindwa wa Hastings walikuwa wamekwisha changanyika.

Burton na Speke waliondoka Zungomero, kusini ya milima ya Uluguru, Agosti 1857. Walivuka uwanda wa Mkata na Mto Miyombo, wakaingia bonde la Mkondoa. Wote wawili walikuwa wagonjwa wa homa, na sehemu ya safari walibebwa na punda. Walifika Kazeh, Tabora ya leo, Novemba 7, 1857.

Mwaka 1860 Speke alirudi. Safari hii aliandamana na James Augustus Grant, askari mwenzake kutoka Nairn, Scotland. Walianza safari kutoka Bagamoyo mapema Oktoba, wakapita tena Mkata na Mkondoa, wakaendelea Ugogo, Tabora, Karagwe na Buganda, naye Speke akafika Mto Nile unapotoka ziwani.

Jina la Grant nalo ni la kundi lile la utani. Ni neno la Kifaransa ‘grant’, ambalo siku hizi huandikwa ‘grand’, lenye maana ya mkubwa au mrefu. Mtu wa kwanza kuitwa hivyo bila shaka alikuwa na kimo cha kutazamwa. Katika miaka ya 1260 Laurence le Grant alikuwa mkuu wa dola ya mfalme huko Inverness, Scotland, na hilo ‘le’ linaonyesha wazi kwamba jina lilikuja kwa lugha ya Wanormani. Hata hivyo wapo wana ukoo wa Grant wanaoshikilia masimulizi ya wazee wao kwamba damu yao ni ya wafalme wa kale wa Scotland. Jina na damu si lazima vipite njia moja.

Huenda jina hilo ndilo lililozama zaidi katika Kiswahili kuliko jina la Mzungu mwingine yeyote wa safari zile. Mwaka 1872 mtaalamu Victor Brooke alieleza kisayansi aina ya swala waliopatikana Ugogo katika safari ya Speke na Grant, akawapa jina la Grant. Leo waongoza watalii wa Serengeti na Ngorongoro husema ‘swala granti’ bila kuwaza kwamba wanatamka neno la Kifaransa cha karne ya 11. Kwa tafsiri ya moja kwa moja, ni swala mkubwa, na kwa bahati hata umbo lake halikanushi.

Speke naye hakusahauliwa. Alifariki dunia Septemba 15, 1864, kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe akiwa mawindoni, siku moja kabla ya mdahalo kati yake na Burton kuhusu chanzo cha Nile. Baadaye familia yake ilipewa ruhusa ya kifalme kuongeza alama katika nembo ya ukoo. Zilizoongezwa ni mamba, kiboko na maji ya Mto Nile. Hivyo ukoo uliopata jina kwa ndege wa Normandy ukapata heshima kwa wanyama wa Afrika.

Mwaka 1873 alipita Mkata Mwingereza mwingine, Verney Lovett Cameron, ambaye alikwenda hadi pwani ya Bahari ya Atlantiki. Cameron ni jina la Kiskoti, lakini majina yake mawili ya mwanzo ni ya Kinormani. Lovett ni mtoto wa mbwamwitu, na Verney ni mahali penye miti fulani ya kandokando ya maji. Anayelishangaa jina la namna hiyo na alifikirie jina la Mikumi, ambalo nalo ni la mti, ule mrefu wa jamii ya mitende ambao wengine huuita mvumo. Watu wa Normandy na watu wa Morogoro walitazama mazingira yao wakafanya jambo lile lile.

Mpaka hapa msomaji anaweza kudhani kuwa hii ni hadithi ya Wazungu peke yao. Lakini misafara ile ilikuwa ya mamia ya watu, na Wazungu ndani yake walikuwa wawili au watatu. Wengine wote walikuwa wapagazi, walinzi, wapishi na wakalimani wa Kiafrika.

Mashuhuri kuliko wote ni Sidi Mubarak Bombay. Alipita katika nchi ya Kilosa na Burton na Speke, akapita na Speke na Grant, akapita na Stanley mwaka 1871, akapita na Cameron mwaka 1873. Hakuna Mzungu wa karne ile aliyeifahamu njia ya Mkondoa kama yeye. Mwaka 1876 Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London ilimpa nishani ya fedha na malipo ya uzeeni. Alifariki dunia mwaka 1885.

Kwa mujibu wa simulizi aliyompa Speke, Bombay alizaliwa Uyao. Akiwa mtoto, kijiji chake kilivamiwa, akapelekwa Kilwa, akauzwa, akavushwa bahari hadi India. Bwana wake alipofariki aliachwa huru, akarudi Unguja.

Sasa tulitazame jina lake. ‘Sidi’ ni neno walilotumia watu wa India kumwita Mwafrika yeyote. ‘Mubarak’ ni jina la Kiarabu, mbarikiwa, la aina waliyopewa watumwa wengi. ‘Bombay’ ni mji wa India. Katika majina yote matatu hakuna hata moja alilopewa na mama yake. Speke, ambaye aliandika mengi kumhusu, alijua habari za babu zake mwenyewe kwa karne nyingi nyuma. Mtu aliyemwongoza kuvuka Mkata anajulikana katika vitabu kwa majina ya utumwa wake.

Katikati ya hao wawili yupo Henry Morton Stanley, aliyevuka Mkata wakati wa masika ya mwaka 1871, katika tope lililowaangusha watu na wanyama. Jina hilo hakuzaliwa nalo. Alizaliwa Wales mwaka 1841 akaitwa John Rowlands, akalelewa katika nyumba ya maskini, kisha akakimbilia Marekani ambako alijichukulia jina la mfanyabiashara wa New Orleans. La kuchekesha ni kwamba Rowlands, jina la kimaskini alilolikimbia, lina asili ya Kinormani, kwani Roland lililetwa na Wanormani. Stanley, alilolipenda, ni la Kiingereza cha kale, uwanda wenye mawe.

Basi katika uwanda mmoja wa Mkata walipita mtu aliyerithi jina, mtu aliyejichagulia jina, na mtu aliyebandikwa jina. Tofauti yao haikutokana na akili wala ushujaa. Ilitokana na nani alikuwa na karatasi na nani hakuwa nayo.

Wenyeji waliowapokea walikuwa na utaratibu wao. Wakaguru, Wasagara na Wavidunda, ambao ndio wenyeji wa nchi ya Kilosa na Mikumi, kwa desturi hufuata ukoo wa mama, kama walivyo majirani zao Waluguru. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Mjomba, kaka wa mama, ndiye mwenye kauli katika mambo ya urithi na ya ukoo, na haki ya ardhi ilifuata mstari huo.

Hapa ndipo tunapomrudia Walter Espec wa Helmsley. Yeye alikuwa na dada watatu walioishi na kuzaa, na bado jina la nyumba yake lilikoma, kwa sababu hakuwa na mwana. Angezaliwa Ukaguru, hesabu ingekuwa kinyume chake kabisa. Dada watatu wangekuwa utajiri wa ukoo, na watoto wao wangeuendeleza. Huku, ukoo unaokufa ni ule usio na mabinti, hata ukiwa na wanaume kumi.

Utaratibu huo haukuwa umeandikwa. Ulihifadhiwa vichwani, katika matambiko, katika makaburi na katika masimulizi ya wazee. Ulifanya kazi vizuri mpaka siku walipofika watu ambao kwao kisichoandikwa hakikuwapo.

Siku hiyo ilifika Novemba 1884. Mjerumani Karl Peters na wenzake waliingia Usagara na makaratasi ya mikataba. Kila mwanafunzi wa Tanzania anaujua mkataba wa Chifu Mangungo wa Msovero, na Msovero imo katika Wilaya ya Kilosa. Katika karatasi hiyo Mangungo aliitwa Sultani, cheo ambacho si cha Usagara, na ikaandikwa kwamba anaitoa nchi yake kwa chama cha Wajerumani. Februari 27, 1885, serikali ya Ujerumani ilitoa hati ya ulinzi juu ya nchi hizo kwa kutegemea makaratasi hayo.

Ukilinganisha mwaka 1086 na mwaka 1884 utaona mfanano. William wa Normandy aliitwaa nchi kwa upanga kisha akaandika majina. Peters aliandika majina kwanza, bunduki zikafuata. Katika hali zote mbili, mwenye kalamu ndiye aliyeamua nani aitwe nani na nani ahesabiwe kuwa mwenye nchi.

Yote hayo yanamgusaje msomaji wa leo?

Kwanza, majina ya Wanormani yamo ndani ya nyumba zetu. Kabla ya mwaka 1066 Waingereza hawakuwa wakiitana William, Robert, Henry wala Geoffrey kwa wingi. Ni washindi wa Hastings walioyaeneza, na katika vizazi vichache watoto wa walioshindwa nao wakabatizwa hivyo. Wamisionari waliyaleta kwetu kama majina ya Kikristo. Sasa, kwa desturi yetu ya mtoto kutumia jina la kwanza la baba kama jina la mwisho, tunao maelfu ya Watanzania ambao jina lao la ukoo katika vyeti ni Robert au William. Mtu wa Kilosa anayeitwa hivyo amebeba jina la mtekaji wa Uingereza, bila tone la damu yake.

Jambo hilo linatufundisha kutoamini upesi biashara inayofanyika kwenye intaneti ya kuuza nembo na ‘historia ya jina lako’ kwa kila anayelipa. Hata huko Uingereza, wajakazi walichukua majina ya mabwana, wapangaji walichukua majina ya vijiji, na familia zilizotajirika baadaye zilitafuta babu wa Kinormani kwa bei yoyote. Jina ni ushahidi wa njia uliyopita uandishi. Si cheti cha damu.

Pili, na hili ndilo zito zaidi, jina linapoandikwa hubadilisha mirathi. Huko Uingereza majina ya ukoo yalichukua zaidi ya miaka 300 kuenea kwa watu wote, na mwaka 1538 makanisa yaliagizwa kuandika kila ubatizo, ndoa na maziko. Sisi tumefanya kazi hiyo katika muda mfupi zaidi. Vyeti vya kuzaliwa, kadi za shule, hati za kusafiria na vitambulisho vya Taifa vyote humtaka mtu awe na jina la mwisho, na jina hilo karibu kila mara ni la upande wa baba.

Kwa jamii inayohesabu ukoo kwa mama, maana yake ni kwamba karatasi zinasema jambo moja na wazee wanasema jingine. Watoto wa mama mmoja wenye baba tofauti huonekana katika karatasi kama watu wasiohusiana, ilhali kwa ukoo ni kitu kimoja. Mjomba mwenye kauli ya urithi hana jina linalomuunganisha na mpwa wake.

Katika wilaya ambayo ardhi imekuwa chanzo cha ugomvi, ikiwamo mapigano ya wakulima na wafugaji yaliyomwaga damu Rudewa Mbuyuni Desemba 2000, suala la jina lipi liandikwe si la mchezo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999 inaruhusu wanavijiji kupata hati za hakimiliki ya kimila, na inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi. Shamba lililopita kwa bibi na mama kwa vizazi linaweza kuandikwa kwa jina la bibi na mama. Linaweza pia, kwa mazoea tu ya fomu, kuandikwa kwa jina la mume au baba peke yake. Likiandikwa hivyo, kizazi kinachofuata kitaisoma hati, hakitayasikia masimulizi.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa kigogota wa Normandy. Hakudumu kwa sababu alikuwa ndege bora kuliko wengine. Alidumu kwa kuwa mtu mmoja alimwandika kitabuni pembeni ya shamba, na waliofuata wakaendelea kumwandika kwa karne nane, kwa tahajia zilizobadilika lakini bila kukosa.

Tangu mwaka 2024 treni ya umeme hupita katika milima ya Kilosa, ndani ya mahandaki, na kufanya kwa dakika kadhaa safari iliyowachukua Burton, Speke na Bombay siku nyingi za homa. Mkondoa, Mkata, Miyombo na Msovero bado ni majina ya mahali pale, kama yalivyokuwa kabla ya wageni kuyasikia na kuyaandika kwa makosa. Majina ya mito hayakuhitaji karatasi ili yadumu, maana watu waliendelea kuteka maji.

Majina ya watu ni dhaifu zaidi. Ukoo wa mama hauna mahali pake katika fomu nyingi, na wazee wanaoujua hadi kizazi cha sita au cha saba wanapungua. Daftari la shilingi chache linatosha kuanzia: jina la mama, la mama yake, la mama wa huyo, mahali walipolima na mahali walipozikwa.